Sumaku ya Fundi

Kisa hiki alinipa jirani yangu, fundi cherehani, juzi alipokuja kunipima gauni. Ni cha binti yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Kiroboto kwa kurukaruka.

Kila jioni Kiroboto alipitisha sumaku sakafuni, pini na sindano zikairukia kama kuku walioona mtama. Jioni moja wenzake wakamwita kuruka kamba.

"Umeokota zote?" mama akauliza.

"Zote, mama!"

Hakuwa ameokota hata moja. Kesho yake akapiga magoti kutafuta kifungo, sindano ikamchoma, ikakatika. Nusu akaichomoa, nusu ikabaki gotini. Akafyata mdomo.

Goti lilipovimba, alisema ameanguka akiruka kamba. Daktari akalibonyeza, akahofia kano imechanika. Akamwandikia kipimo cha MRI, kinachopiga picha za nyama na kano ndani ya goti.

Mlangoni mwa chumba cha kipimo, mtaalamu wa picha akavua saa yake. "Bibie, mashine hii ni sumaku kubwa, haina mchezo. Una chuma chochote, nguoni au mwilini?"

"Hana," mama akajibu. "Hata hereni nimemvua."

Kiroboto akakumbuka pini zinavyoruka. Akisema, mama atajua alimdanganya. Asiposema, goti lake je?

"Ninayo," akanong'ona. "Sindano. Imo gotini."

"Sindano yangu?" Mama akakaa kitini puu.

"Ile jioni ya kamba, mama. Sikuokota."

Mtaalamu akaufunga mlango, akampeleka eksirei. Sindano hiyo, imejilaza! Ikatolewa kwa ganzi alasiri ileile. Jeraha lilipopona, eksirei nyingine ikaonyesha goti halina chuma, ndipo akaingizwa kwenye sumaku. Ikagonga ga-ga-ga kama fundi bati. Kano zilikuwa nzima.

"Ungenyamaza," mtaalamu akamwambia, "ile sumaku ingeivuta sindano ikuchane ndani kwa ndani. Mwanangu, ukiulizwa hospitali, sema yote. Aibu hupita, goti utatembea nalo maisha yako yote."

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mama akaongeza.

Nyumbani Kiroboto akauliza, "Utanichapa?"

"Nikikuchapa, sumaku nitapitisha na nani?"

Wakaipitisha pamoja, mara mbili. Kisha mtoto akalala, mguu mapajani mwa mama. Mama akawa analipapasa lile goti taratibu, mpaka naye usingizi ukamchukua pale pale, futi ya kupimia ingali shingoni.