Nilimficha Kabula Kwamba Najifunza Useremala

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na moja, ni seremala hapa Bariadi mjini. Msinihurumie kabla hamjanisikiliza!

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika kwetu, nilipata kazi ya kupima pamba kijijini Nkololo. Nikajiona mjanja... nikachezea mizani, nikawapunja wakulima, wakiwemo wajomba zangu! Nikafungwa miaka mitatu.

Mke wangu, Kabula, alikuja kuniona mwezi wa kwanza wa kifungo. Nilikuwa nimenyolewa kipara, nimevaa kaptula ya wafungwa. Niliona aibu, nikamwambia asije tena. Alipokuja mara ya pili nilikataa kutoka. Mwanamume gani mimi?

Mwaka uliofuata niliingizwa karakana ya useremala. Askari aliyetufundisha hakuwa na maneno mengi, ila kiungo kimoja kikilegea, alikuamuru ubomoe kiti chote uanze upya. Nilibomoa viti hadi machozi yakanitoka! Lakini mikono ilizoea randa, nikafaulu jaribio la ufundi, nikapewa cheti. Sasa nilikuwa na kitu cha halali cha kumpelekea mke wangu. Je, nilimwandikia? Hapana... nilitaka kumshtukiza siku nikitoka!

Kumbe kaka yangu mkubwa alikwenda ukweni akasema nimemkataa mke, ndiyo maana sitaki hata kumwona. Hatukuwa na mtoto. Wakwe wakaamini, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto wakamrudishia kaka ng'ombe wote wa mahari. Na kaka... kaka wa tumbo moja! Akawatumia ng'ombe hao kuoa mke wa pili.

Nilitoka na cheti mfukoni, nikakuta nyumba tupu; majirani wakanieleza yote. Nikamfuata Kabula kijijini Bukundi, alikokwisha kuolewa. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nilimpa cheti, akakishika, akakitazama.

"Ungenitumia neno moja tu kwamba unajifunza kazi, ningekusubiri," akasema. "Mimi nilijua umenichoka. Sasa nenda, baba wa mtoto huyu yuko karibu kurudi na ng'ombe kutoka malishoni."

Nililia njia nzima.

Nilimlaani kaka miaka mingi, na bado hatusalimiani. Lakini nani alimpa uongo wa kusema? Si mimi?

Ndugu msomaji, kama una mume au mwana gerezani, nenda kamwone, hata akikufukuza. Nawe uliye ndani, unayejifunza kushona, kujenga au kuranda mbao, nakusihi, usingoje siku ya kutoka ndipo useme. Aibu yangu ilikwisha... Kabula hakurudi.