Benchi Lililotoka Mbale

Benchi lilikuwa limelowa, na tangu jana hakuna mtu aliyelikalia.

Nambozo akaligusa tena kwa kiganja. Maji kabisa. Sauna ya infraredi haina mvuke wala mawe ya kumwagia maji. Ni kibanda cha mbao chenye mlango wa kioo na paneli ukutani zinazopasha mwili joto. Maji pekee yanayoingia humo ni jasho la mtu. Hilo halihitaji digrii, ingawa Nambozo anayo, ya kemia, imelala chini ya godoro kama noti bandia. Uganda hii ukisoma kemia unapewa kitambaa na siki ufute jasho la mstaafu wa magereza, mume wa binti wa shangazi yako, halafu unaambiwa shukuru, at least unakula.

Akakamua kitambaa vizuri, maana mbao hizo ukizilowesha zinapinda. Akafuta, akaacha mlango wazi pakauke. Aliporudi na msasa wa kuondoa doa, benchi limelowa tena. Na doa lenyewe halikuwa la makalio. Lilikuwa refu: kisogo, mabega, visigino. Alama ya mtu aliyelala chali. Na lilinuka kafuri.

"Dada Gorreti, hili benchi jipya lina shida."

"Shida gani? La kwanza lilipasuka, Siraje akanichongea hili kule Mbale. Mvule, Nambozo! Unataka nini, dhahabu?"

"Linanuka kafuri."

"Banange! Hata pua yako ina digrii?"

Jioni mume wa Gorreti, Afande Yekosofati, akaingia na taulo lake kiunoni, mgongo ukimuuma kwa miaka yote ya kusimama kwenye mageti ya jela. Akatoka anatabasamu, kitu ambacho nyumba ile ya Jinja haikukizoea.

"Nani amewafundisha kusugua hivyo? Upande wa kulia wote, toka bega mpaka mguu. Mikono laini, wee!"

Gorreti akacheka kidogo. "Baba Olivia, ulikuwa peke yako humo."

"Mimi najua kuhesabu watu, mama. Ndiyo kazi niliyofanya."

Nambozo alipompokea taulo aligusa mkono wake. Mtu ametoka kwenye joto la kuivisha mayai, na mkono ni baridi kama chupa ya soda.

Kesho yake alisuguliwa upande wa kushoto. Safari hii hakutabasamu. Gorreti akamsemesha, hakujibu, akamsemesha tena, mwishowe akamgeuza kichwa aone kuna nini. Na ndani kabisa ya masikio, yote mawili, palikuwa na pamba nyeupe iliyobanwa kwa ustadi. Akaitoa kwa kucha. Nyumba nzima haikuwa na pamba.

Asubuhi Nambozo akampigia simu Siraje. Fundi akaanza na mzaha wake, "Musomi! Umepata kazi?" Aliposikia neno kafuri, mzaha ukakatika.

"Siraje, ile mbao uliitoa wapi?"

"Ni mvule ya zamani, dada. Siku hizi huwezi kuipata mbao kama..."

"Wapi?"

Nyuma ya Siraje mtu alikuwa anapiga randa. "Msikitini. Meza ya kuoshea maiti. Walileta ya chuma, wakanipa ile ya zamani niichome. Sasa mvule kama ile, bwana, mtu anaichomaje?"

Hajji Magid, muosha maiti wa msikiti huo, alikuwa karibu na karakana. Siraje akamkimbizia simu. Hajji hakulaumu mtu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Wamefika wapi?"

"Kulia," Nambozo akasema. "Kushoto. Na pamba masikioni."

"Basi imebaki sanda." Akashusha pumzi. "Ile meza ina majini wake, nyabo. Wanaishi kwa maji ya maiti. Sisi tulikuwa tunawasomea, wanatulia. Sasa wana kiu, wanamwosha waliyempata. Wakimaliza, anakuwa mtu wao. Asiingie tena humo. Nakuja."

Asiingie! Mwambie hivyo mtu aliyefungia watu maisha yake yote. Hajji alikuwa hata Busiu, hapo tu nje ya Mbale, hajafika wakati Afande alipoinuka mezani, sahani yake nusu, akapita katikati ya mke wake na Nambozo kama anapita kati ya nguzo, wakamshika, wakaburutwa naye mpaka ua wa nyuma, akaingia, mlango ukajifunga, na ule mlango, ambao hauna kufuli wala komeo, sumaku tu, ambao hata paka huusukuma, ukakataa, hata kwa nyundo.

Hajji alifika na Siraje jua likiwa bado juu ya mapaa ya mabati. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, lakini paneli zilikuwa nyekundu, na ndani ya kioo kilichojaa mvuke usiotakiwa kuwepo waliona Afande amelala chali, mikono kifuani, na taulo nyeupe zilizokuwa zimekunjwa pembeni zikijikunjua moja baada ya nyingine, polepole, bila haraka ya mtu mwenye wasiwasi, moja ikamfunika miguu, nyingine tumbo, nyingine ikapanda kifuani ikielekea shingoni, na kila ilipotua palisikika sauti ya mtu anayepangusa mikono.

"Anayeoshwa hajibu," Hajji akanong'ona. "Akijibu, kazi yao imevunjika. Mwiteni."

"Baba Olivia!" Gorreti akapiga kioo. "Yekosofati! Bambi, niitikie!"

Taulo ikagusa kidevu.

Bibi yake Nambozo, kule Mbale, alikuwa akisikia Kiswahili cha amri, kile cha jeshi na magereza, anafunga mlango na kuzima taa. Ndicho Kiswahili walichokuja nacho askari wa lori, waliochukua watu usiku. Nambozo alikichukia kuliko kitu chochote. Akajaza kifua, akakitoa chote.

"Gwaride! Gwaride... mguu SAWA!"

Kisigino kikagonga mbao. Afande Yekosofati akasimama wima, taulo zikadondoka, koo lake likapasua lile jibu la zamani, "Afande!", na mlango ukafunguka wenyewe. Akatoka kwa hatua za gwaride mpaka katikati ya ua, akasimama, kidevu juu, macho mbele. Mwili wake ulikuwa unafuka joto. Gorreti akamshika shavu, akalia kwa furaha: la moto! Lakini Afande hakumtazama. Alikuwa mguu sawa.

"Mpumzishe," Siraje akasema. "Mwambie apumzike."

"Mguu pande," Nambozo akasema, taratibu.

Mguu wa Afande ukahama, ukagonga sementi. Pa.

Na nyuma yao, ndani ya sauna iliyokuwa tupu, miguu mingine ikafuata, mingi, isiyo na viatu, imechelewa kidogo kama ya makuruta.

Hakuna aliyegeuka. Gorreti aliacha mikono yake palepale, mashavuni mwa mumewe.

"Mwachie sasa," akaomba. "Nambozo, mwambie atawanyike, twende ndani."

Nambozo akafungua mdomo. Hajji Magid akauziba kwa kiganja.

"Usiseme neno hilo," akamnong'oneza. "Na wale majini wanasikia, wanakutii. Watawanyike waende wapi?"

Afande alisimama katikati ya ua, macho mbele, akisubiri.