Njoo Unitoe Hapa

"Baba Cherono, uko wapi?"

"Niko kwa ng'ombe, nanyunyiza dawa ya kupe. Kwani kuna nini? Sauti yako iko chini sana."

"Wacha hiyo kazi. Njoo unichukue."

"Si ulisema utarudi jioni?"

"Njoo saa hii. Niko hoteli, ile ya ghorofa iko nyuma ya soko. Na usiniulize kwa simu."

Jemutai alisikia ndama akilia kule nyumbani Cheptiret, na mumewe Kipyego akipumua kwa nguvu.

"Uko mgonjwa?"

"Siko mgonjwa. Lakini ukichelewa nitakuwa nimekukosea. Njoo unitoe hapa."

Akakata simu kabla hajabadilisha mawazo. Akasogeza kikombe cha chai kando. Kwenye simu, ujumbe wa Felix ulikuwa bado umefunguka:

"Dada Jemutai, nimechukua chumba huko juu, namba 12, tuombe bila kelele. Niko karibu, ni jam tu hapa mjini."

Tuombe! Ndugu msomaji, usimcheke huyu mama. Kweli walianza kwa kuomba. Kanisa lao lilipotangaza siku arobaini za kufunga, kila mshirika alichota karatasi yenye jina la mwenzake wa kuombea. Wanaume na wanawake walichanganywa kwenye kikapu kimoja, na hakuna aliyepinga, kwa maana nani atasimama kanisani apinge maombi? Jemutai alichota Felix, mwimbaji wa tenor ambaye mkewe ni mwaka wa tatu sasa yuko Qatar kwa kazi.

Kila asubuhi mapema, Kipyego akiwa anakamua, simu ya Jemutai iliita. Dakika kumi za maombi, basi. Siku arobaini zikaisha na simu haikuisha. Maombi yakawa dakika tano na hadithi dakika ishirini. Mwishowe yakabaki "Amina" tu mwishoni, kama muhuri. Asubuhi hiyo alimwambia mumewe anaenda mjini kuangalia vitambaa vya kwaya. Akavaa gauni la maruni, akajipulizia marashi mara mbili. Hakuna aliyemdanganya. Alijua anakokwenda.

Utauliza, kwa nini hakuinuka akaondoka mwenyewe? Miguu alikuwa nayo, nauli pia. Lakini wiki mbili nyuma alishawahi kuondoka hapo hivyo hivyo, akafika hadi stage ya matatu, Felix akapiga simu moja tu, naye akakubali waonane tena. Alijijua. Akijitoa mwenyewe leo, wiki ijayo angerudi.

Felix aliingia akitabasamu, shati jeupe limenyooka vizuri.

"Bwana asifiwe, dada. Twende juu."

"Keti kwanza, Felix."

"Si tutaketi huko juu."

"Nimemwita mume wangu."

Felix akacheka. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikakatika.

"Umemwita nani?"

"Kipyego. Yuko njiani."

"Jemutai! Umemwambia nini?"

"Bado. Akifika nitamwambia yote."

"Yote gani? Hakuna kitu tumefanya. Hata mkono sijakushika!"

"Ndiyo maana nimemwita mapema."

"Si ungesema tu hapana?" Felix aliinama, sauti ikashuka. "Mimi ningeelewa."

"Nimesema mara ngapi? Kila nikisema, asubuhi unaniuliza nimeamkaje, na mimi nayeyuka. Sitaki kukusingizia. Mimi pia nilitaka kuja."

Felix alimtazama kwa muda, na macho yake hayakuwa ya mtu mbaya. Yalikuwa ya mtu anayekula peke yake kila jioni.

"Mimi nakupenda, Jemutai. Si mchezo."

"Najua. Hiyo ndiyo imeniogopesha. Mpigie mkeo Vivian huko Qatar, mwambie umechoka kukaa peke yako. Mwambie yeye, si mimi."

Nje, gari lilipiga honi. Lilikuwa la mtu mwingine, lakini Felix hakungoja kujua. Alipita kwa mlango wa jikoni, akigongana na mhudumu aliyebeba chapati.

Jemutai alibaki na hofu yake. Kipyego akimwacha, ni haki yake. Na wazee wa pande zote mbili wangeitwa, na mtoto wao Cherono, aliye kidato cha pili, angeulizwa anataka kuishi na nani. Yote hayo aliyaona pale mezani, na bado hakufuta ujumbe hata mmoja.

Kipyego aliingia na gambuti zake, suruali ina matone ya dawa, harufu ya dawa na ng'ombe imemtangulia. Mhudumu alitaka kumzuia, akaona afadhali ampishe.

"Nani amekuumiza?"

"Hakuna. Keti."

"Nimeendesha gari kama mwendawazimu, Mama Cherono. Niambie."

Akamsukumia simu. "Soma. Anza pale juu."

Kipyego si mtu wa kusoma haraka. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na Jemutai aliona kidole kikifika kwenye namba 12 na kusimama hapo.

"Mmeingia hicho chumba?"

"Hapana."

"Leo, ama siku ingine yoyote?"

"Hakuna siku. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshapanda hizo ngazi, Baba Cherono. Sitakudanganya tena."

Kipyego aliinuka, akatoka. Kupitia dirishani Jemutai alimwona akiingia kwenye pickup na kuwasha injini. Gari likatetemeka pale pale. Alihesabu hadi ishirini, akapoteza hesabu. Basi, ameenda, akajisemea, na akaanza kukusanya vitu vyake.

Injini ikazimwa.

Aliporudi alivuta kiti, akakaa kando yake, si mbele yake.

"Nilitaka kukuacha hapa."

"Nimeona."

"Kisha nikajiuliza. Mke akitaka kunificha kitu, ataniitaje mpaka mlangoni?" Akajipangusa uso. "Unajua kinachoniuma? Mimi nilidhani unaongea na Mungu. Nikipita hapo nyuma ya jikoni na ndoo ya maziwa, nilikuwa natembea polepole nisikusumbue."

Hapo ndipo Jemutai alipolia. Alilia bila kujificha, wateja wakageuza shingo.

"Nisamehe, Baba Cherono."

"Nitakusamehe. Lakini haitaisha leo. Leo naanza tu."

"Nitangoja."

"Kwa nini hukuniambia mimi tuombe pamoja?"

"Wewe hulala hata kwa ibada."

"Nalala kwa sababu naamkia ng'ombe!" Karibu atabasamu, akajizuia. "Na mimi sijui hayo maneno mengi ya watu wa kwaya."

"Sijawahi kukuomba maneno mengi."

Jemutai akachukua simu, akaifunga namba ya Felix isimpigie tena, akamwonyesha mumewe.

"Kesho twende kwa pastor," akasema. "Sote wawili. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

"Sawa. Tutaenda."

Kisha Kipyego akavua kofia, akaiweka mezani karibu na chai iliyopoa. Akaweka mkono wake mzito, bado una rangi ya dawa, juu ya mkono wa mkewe. Hakufunga macho.

"Mungu, ni Kipyego. Huyu ni mke wangu. Ameniita, nimekuja. Niko na hasira, hiyo nisaidie. Usituache. Amina."

Miezi mitatu Jemutai alikuwa ameombewa kila asubuhi kwa maneno mazuri kweli kweli, na katika maombi yote hayo hakuna siku hata moja aliyotajwa kuwa ni mke wa mtu.

"Amina," akasema.