Joto Lipewe Njia

Katika nyumba hii, kitu kipya hakivuliwi nguo.

Rimoti ya televisheni inaishi ndani ya nailoni. Makochi bado yamevaa plastiki yaliyotoka nayo dukani. Mgeni akikaa siku ya jua kali, akiinuka ngozi yake hulia kama plasta inayobanduliwa. Mama mwenye nyumba ni mshonaji wa nguo za watoto, na ana neno lake: "Kitunze kikutunze." Watoto wamekua na neno hilo. Hakuna anayebisha.

Chumba cha mbele ni cha kazi. Cherehani ya mama iko dirishani. Meza ya baba iko ukutani. Baba hupiga video za harusi. Mtaa mzima unamwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno analopaza kabla ya kuwasha kamera. Lakini wiki hiyo Tabasamu hakutabasamu. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, na ndani ya kamera kulikuwa na harusi nzima ambayo haijakatwa wala kuungwa.

Nayo haikuwa harusi ya kungoja. Biharusi alilelewa na bibi yake tangu akiwa mchanga. Siku ya harusi bibi alikuwa kitandani, miguu haimbebi. Hakuona kitu. Sasa biharusi alikuwa anahama na mume wake, wanakwenda kuishi mbali, na safari ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameomba jambo moja tu: aitazame harusi pamoja na bibi, wakiwa wameketi kitanda kimoja, kabla hajaondoka.

"Jumamosi italetwa," Tabasamu alikuwa amemwahidi. Sasa ilikuwa Jumatano.

"Nitakuundia kompyuta mimi," binti yake alisema.

Huyu alikuwa kitinda mimba wa nyumba. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, na mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi.

"Kuunda?" baba aliuliza. "Kompyuta si kigoda, mwanangu."

"Kigoda kina vipande vyake, na kompyuta ina vyake. Ukijua kila kimoja kinakaa wapi, unaunda."

"Msikie! Mdomo kama cherehani ya mama yake."

"Cherehani yangu haijawahi kuharibu nguo ya mtu," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Mwache aunde."

Alhamisi asubuhi vipande vilikuwa mezani. Binti aliosha mikono, akaikausha. Kisha akashika chuma cha kasha la kompyuta.

"Unalisalimia?" baba aliuliza.

"Mwili wa mtu unabeba umeme kidogo, hasa ukivaa nguo za sufu au nailoni. Huusikii, lakini unaweza kuua kifaa. Ukigusa chuma kwanza, unauacha hapo." Akachukua ubao mpana uliojaa njia ndogo za shaba. "Hii ni bodi mama. Vipande vingine vyote hukaa juu yake."

"Mama tena? Hata humo ndani mwenye nyumba ni mama?"

"Kumbe ulidhani nani?" mama alisema.

Binti akacheka. Akainua kipande cha mraba, kidogo kama biskuti. "Na hiki ni kichakataji. Wengine wanakiita prosesa. Ndio ubongo."

"Kinachakata nini? Mkonge?"

"Kinachakata hesabu, baba. Kila picha unayokata, kila sauti unayounga, kwake ni hesabu. Kazi ikiwa nyingi, kinapata moto. Moto ukizidi, kinajizima chenyewe kisiungue."

Akakiweka mahali pake taratibu, bila kukisukuma. Juu yake akaweka tone la dawa nzito ya kijivu. Kisha akachukua kipoza. Kilikuwa bonge la mabati membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu, na feni ubavuni. Chini kilikuwa na uso wa shaba, umefunikwa kwa nailoni laini yenye maandishi ya lugha ya mbali. Binti akaweka kucha kwenye ncha ya ile nailoni.

"Wee!" mama alipiga kelele. "Kipya hicho! Unakivua nguo ya nini?"

Mkono wa binti ukarudi wenyewe, kama ulivyorudi tangu utotoni. Mawazo yake yalikuwa kwenye skrubu. Akakigandamiza kipoza juu ya prosesa na kukikaza.

Mchana kompyuta ikawaka. Mama akapiga vigelegele. Baba akavuta kiti, akaanza kukata na kuunga. Mama akalifunika kasha kwa kitambaa alichokitarizi maua, lisiingie vumbi, na wakalisukuma mpaka likagusa ukuta.

Ijumaa asubuhi vipande vya harusi vilikuwa vimekaa sawa. Ilibaki kuvichanganya vyote viwe filamu moja. Baba ana jina lake la kazi hiyo. Anaiita kuoka.

"Naoka sasa," alisema, akabonyeza.

Kompyuta ikanguruma. Kisha kioo kikawa cheusi. Kimya.

Wakaiwasha tena. Ikazima tena. Mama akaleta feni ya mezani, akaielekeza kwenye kasha. Ikazima tena.

"Leo imeoka kweli," baba alisema, lakini hakuna aliyecheka. Akachukua simu. "Ngoja nimpigie biharusi. Nimwombe radhi mapema, kuliko kumdanganya."

"Baba, usipige kwanza."

"Mwanangu, yule bibi hatapata harusi nyingine ya kuangalia."

"Najua. Ndiyo maana nasema usipige."

Akavuka barabara mbio. Ng'ambo anakaa mwalimu wake wa chuo, mwanamke wa sauti kubwa, ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Nyaya. Alifika bado ana taulo kichwani.

"Nani anaoka ubongo bila chumvi humu?" aliuliza mlangoni. Akaketi kwenye kochi, plastiki ikalia. "Mimi nimekuja na macho tu. Mikono itumike ya kwako. Iwashe, fungua ile programu inayopima joto. Halafu ipe kazi. Prosesa inasoma ngapi?"

Namba zilikuwa zinakimbia. "Tisini. Tisini na tano. Mwalimu, inakaribia maji ya kuchemka!"

"Sasa gusa mabati ya kipoza. Pembeni, siyo kwenye feni. Vidole nilivifundisha mimi, bado navihitaji."

Binti akainua kitambaa, akafungua ubavu wa kasha, akagusa. Akatoa mkono, akagusa tena. "Hakina moto," alisema polepole. "Ni kama chuma cha kawaida."

"Jiko linawaka, sufuria baridi. Mimi sisemi kitu. Sema wewe."

Kompyuta ikazima. Binti alitazama kipoza, akatazama prosesa iliyojificha chini yake.

"Joto lipo," alisema. "Lakini halivuki. Kuna kitu katikati."

Hakungoja kuambiwa. Akachomoa waya wa umeme ukutani. Akasubiri kidogo, akalegeza skrubu, akazungusha kipoza na kukiinua. Chini yake, nailoni ilikuwa imekunjamana kama uso wa mtoto anayelia.

"Nailoni yangu!" mama alisema. Kisha akajiziba mdomo.

Mwalimu Nyaya alicheka mpaka taulo likaanguka. "Jamani! Mmekivalisha kipoza koti la mvua!"

"Ni mimi niliyemkataza," mama alisema.

"Na ni mimi niliyetii kabla ya kufikiri," binti alisema. "Na hao walioandika hapa, wangeandika kwa Kiswahili, 'Nivue kwanza,' si ningewasikia?"

"Hapo umesema," alisema Mwalimu Nyaya. "Haya, waeleze wazazi wako joto linavyosafiri. Nataka nisikie kama sikupoteza chaki."

Binti akasimama wima. "Watu wanadhani feni inatengeneza baridi. Haitengenezi. Feni inafukuza joto tu. Joto linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye dawa, linaingia kwenye shaba, linapanda kwenye mabati. Hapo feni inalipuliza nje kupitia matundu ya kasha. Ni kama mtu anayepita milango. Ukifunga mmoja tu, amekwama. Nailoni ilifunga mlango wa kwanza. Halafu..." Akatazama kitambaa cha maua. "Mama, samahani. Hiki nacho kimefunga wa mwisho. Na ukuta umekisaidia."

Mama akakivuta kitambaa. Akakikunja mara moja. "Basi nitaishonea nguo ya kulalia. Ikizimwa na kupoa, inavaa. Ikiamka, inavua."

"Hiyo sawa kabisa, dada," Mwalimu Nyaya alisema. "Na vumbi je, fundi?"

"Likionekana kwenye mabati, nazima, nachomoa umeme, nashika feni isizunguke, kisha nalipuliza taratibu."

Akabandua nailoni. Shaba ikang'aa kama shilingi mpya. Akafuta dawa ya zamani kwa kitambaa safi chenye spiriti, akaweka tone jipya lisilozidi punje ya njegere.

"Ongeza, ipoe zaidi," baba alisema.

"Dawa ni ya kuziba nafasi ndogo zisizoonekana, baba. Ikizidi inakuwa godoro."

Akaweka kipoza sawasawa. Akakaza skrubu kidogo kidogo, moja ya kona hii, kisha ya kona inayoikabili, kama nati za gurudumu la gari. Akalivuta kasha mbali na ukuta. Akawasha.

Baba akabonyeza kuoka. Namba zikapanda. Hamsini. Sitini. Sabini. Zikasimama hapo, zikicheza sabini na moja, sabini. Binti akagusa mabati pembeni, akaondoa mkono haraka huku akicheka.

"Yana moto! Joto linavuka!"

Walikula chakula cha mchana wakiiangalia. Haikuzima.

Jumamosi chumba cha bibi kilijaa. Biharusi alipanda kitandani, akajiegemeza kwenye bega la bibi. Tabasamu akaiweka filamu kwenye televisheni. Bibi alimwona mjukuu wake akiingia ukumbini. Akamwona akila kiapo. Akalia, akacheka, akamkemea mtu fulani kwenye picha aliyekuwa anatafuna wakati wa dua. Katikati ya filamu alimwambia binti aliyesimama mlangoni, "Mjukuu, niletee maji." Binti akaenda.

Filamu ilipokwisha, bibi alimshika Tabasamu mkono. "Ahsante, mwanangu. Umeniingiza harusini."

"Usinishukuru mimi, mama. Kompyuta yangu ilikufa. Bila fundi, harusi hii ingebaki ndani ya kamera."

"Basi mwiteni huyo fundi. Kwa nini hakuja?"

"Yupo, mama. Ndiye aliyekuletea maji."

Bibi aliweka glasi chini. Akamtazama binti kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Niliiunda, bibi. Kipande kwa kipande. Ilipokataa, mwalimu wangu aliniuliza maswali. Majibu niliyatoa mimi."

"Sogea, biharusi," bibi alisema, akipapasa shuka. "Fundi akae hapa. Fundi hatumwi maji." Kisha akamgeukia Tabasamu. "Maji yamekwisha. Nenda wewe."

Tabasamu akachukua glasi. Alikwenda jikoni akitabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana.