Mwamba Nyuma ya Nyumba ya Zefania

Zefania alimsalimia Felista kwa mkono wa kushoto. Kule Unyaturu mtu mzima hampi mgeni mkono wa kushoto, sembuse mgeni wa serikali, na Felista, aliyezaliwa huko huko, aliutazama kwanza ule mkono kabla ya kuushika. Wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kanga mpaka kwenye kiwiko.

"Nimeungua, ndugu afisa," Zefania alisema. "Mambo ya jikoni."

Mwanamume mwenye mke, jikoni. Felista alitoa daftari. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii kutoka Singida mjini, na kazi yake ilikuwa kufuatilia watoto wanaoteswa majumbani. Mwaka ule wa 1975 watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, na ofisi yake ilikuwa na gari bovu lisilo na petroli, kwa hiyo alikuwa amefika upande huu wa Issuna juu ya magunia ya karanga, kwenye lori la mfanyabiashara Prabhudas. Nesi wa zahanati ndiye aliyemletea habari: kuna mtoto yatima, Magdalena, anafungiwa ndani na baba yake mdogo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Ana jini."

Felista alishusha pumzi. Neno hilo lilikuwa limemchosha kuliko magunia ya karanga. Mtoto amevunjwa mkono, jini. Mtoto amechomwa kwa kijinga cha moto, jini. Katika kazi yake yote hakuwahi kukuta nyumba ambayo jini huyo alikubali kuja ofisini kujieleza.

Alikwenda kwa majirani. Kila mlango alijibiwa vilevile, kwa adabu na kwa macho yaliyotazama chini: hatujui, dada, hatujasikia kitu. Zefania alikuwa balozi wao wa nyumba kumi, na hakuna aliyekuwa tayari kumsema.

Aliporudi kudai kufunguliwa mlango, alisikia harufu ya mvua. Ilikuwa kiangazi kikali, anga jeupe, mifugo ikifa kwa kiu, lakini nyuma ya nyumba ile palinuka udongo uliotoka kunyeshewa. Harufu ilitoka kwenye mwamba mkubwa uliokaribia kugusa ukuta. Maofisa waliopima kijiji walikuwa wamevuta kamba moja kwa moja, nyumba ya mwisho ikaangukia pale, na wazee wenyeji waliposema hapo hapajengwi, hawakusikilizwa.

Kisha akasikia jiwe likisaga jiwe, polepole, ndani kabisa ya mwamba.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

Anastazia, mke wa Zefania, alimshika mkono haraka. "Usimtaje, dada," alinong'ona. "Ukimtaja anasogea."

Siku hiyo Felista aliondoka bila kumwona mtoto.

Mkuu wake wa ofisi, Bwana Yohana, alimsikiliza huku akichonga penseli. "Funga hilo jalada. Sema familia imeshauriwa."

"Mtoto mwenyewe sijamwona, mzee."

"Sasa unataka nifanye nini? Kituo cha misheni kimejaa. Petroli hakuna. Balozi ni mtu wa chama. Utamtoa mtoto, utamweka wapi?"

Swali hilo lilimuuma Felista. Alitoka akiubamiza mlango, na wiki iliyofuata akapanda tena lori la Prabhudas bila kumuaga mtu.

Safari hii Zefania alikuwa kwenye shamba la kijiji. Anastazia alitazama kushoto na kulia, akafungua kamba ya mlango wa chumba cha nyuma. "Fanya haraka," alisema.

Magdalena alikuwa msichana mwembamba wa umri wa kuanza shule. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta wa upande wa mwamba, kama mtoto anavyomwegemea mama. Felista alimkagua mgongo, mapaja, nyayo. Makovu yalikuwa mengi mno, ya fimbo na ya moto, lakini yote yalikuwa ya zamani, yamekauka na kufifia. Hapakuwa na jeraha jipya hata moja.

"Baba mdogo ameacha kukupiga?"

"Hajaacha." Mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Ananipiga, lakini siku hizi inamuuma yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie huku. Nilikuwa nalia, yule wa kwenye jiwe akaniuliza nalia nini. Nikamwambia."

Felista aligeuka kuutazama ukuta. Kabla hajauliza tena, mlango ulisukumwa na Zefania akaingia na fimbo, jasho likimtiririka. Mtu alikuwa ameshampelekea habari shambani. Hakumtazama hata afisa. Aliinua fimbo kwa ule mkono mzima, akamshushia mtoto mgongoni, na Felista aliiona kwa macho yake ikitua, akausikia mlio wake juu ya ngozi, akamwona mtoto ametulia tuli kama aliyewekewa kiganja begani, na wakati uleule Zefania akapiga yowe na kupinda mgongo, shati lake likachorwa mstari wa damu kutoka bega hadi kiuno, na harufu ya mvua ikajaa chumba kile mpaka kifua kikakosa hewa, na nyuma ya ukuta jiwe likasaga jiwe, karibu zaidi, kwa nguvu zaidi, kama kitu kizito kinachojigeuza ili kisikilize vizuri.

"Umeona?" Zefania alihema, amepiga magoti. "Umeona mateso yangu, ndugu afisa? Jumamosi mganga anakuja. Atamtoa."

Mganga alikuja kweli, mchana, jua la utosini; Felista alikuwa amelala kwa nesi wa zahanati kumngoja. Aliitwa Mzee Mughwai, na kijiji kizima kilijaa uani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo pia, amekalia kiti pekee. Felista alisukuma watu akafika mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, mtoto simgusi. Namtaka aliye ndani ya jiwe."

"Mzee, nakuomba usimfukuze."

Watu waligeuka kumtazama. Kisha mwenyekiti akacheka mpaka akashika tumbo. "Serikali inawatetea majini siku hizi?"

Felista alisikia uso ukimwaka moto. Angesema nini? Kwamba sheria, ofisi, chama na majirani wote walikuwa wameshindwa kumlinda mtoto huyu, na aliyemsaidia ni mmoja tu? "Anawaumiza wanaompiga mtoto," alisema. "Hajamgusa mwingine yeyote. Waulizeni!"

Hakuna aliyeulizwa na hakuna aliyejibu. Mzee Mughwai alimgeukia Zefania taratibu. "Hilo hukuniambia."

"Endelea, mzee."

Mizizi ya dawa ilikuwa imeshawashwa, moshi umeshaugusa mwamba. "Nimeshamwamsha," mganga alisema kwa uchungu. "Nikimwacha hapa katikati atatumaliza wote." Akaweka viganja kwenye jiwe, akasema nalo kwa Kinyaturu cha zamani ambacho Felista alikielewa nusu: toka, hapa si pako tena, toka. Ule mlio wa jiwe kusaga jiwe ukaanza, ukazidi, kuku wakakimbia, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo za watu, na mwamba ukapasuka kutoka juu hadi chini kwa mlio mmoja kama wa radi. Upepo ukapita katikati ya umati. Harufu ya mvua ikakatika. Likabaki vumbi.

Zefania alifungua kitambaa mkononi, akanyoosha vidole. Alimwendea Magdalena akamzaba kofi. Akasubiri. Damu ilichuruzika mdomoni kwa mtoto. Zefania alijishika shavu lake, akakuta halina kitu, na akatabasamu.

Felista alimbeba mtoto, akakimbia naye. Zefania alipotaka kuwafuata, Mzee Mughwai alimwekea mkongojo kifuani. "Umenitia katika dhambi," alimwambia. "Piga hatua moja tu."

Mjini, Yohana alipandisha sauti hadi wakasikia wa ofisi ya jirani. Mtoto arudishwe kwa ndugu zake. Felista alisema hapana. Akaambiwa ataandikiwa barua ya onyo, akasema iandikwe. Kila siku alizunguka kutafuta mahali pa kumweka Magdalena, misheni, kwa masista, hospitali, na kila siku akarudi kwenye chumba chake cha kupanga bila jibu, miguu ikiwaka moto, na mtoto asiyesema neno amekaa palepale alipomwacha.

Jioni moja aliambiwa ofisini kwamba keshokutwa Zefania anakuja na polisi kumchukua mtoto. Alifika nyumbani akakuta sufuria ya uji imepinduka, uji wote sakafuni, nao ndio uliokuwa unga wa mwisho.

"Nimekukataza mara ngapi kugusa moto?" alifoka. "Mara ngapi? Nahangaika kwa ajili yako mchana kutwa!" Na mkono ukaondoka wenyewe.

Kofi lilitua shavuni kwa Magdalena. Maumivu yakalipuka shavuni kwa Felista.

Alirudi nyuma akagonga ukuta. Shavu lilizidi kuwaka, na kitu kilikuwa kimemkaba taya, kinabonyeza, kinabonyeza, mpaka akasikia meno yakilia kinywani. Hakuweza kupiga kelele. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine, ila harufu ya mvua, kama iliyomtafuta mtoto njia nzima kutoka Issuna.

Magdalena hakumtazama yeye. Alitazama juu, karibu na dari, nyuma ya kichwa cha Felista.

"Huyu hapana," alisema kwa upole. "Huyu amechoka tu. Mwache, tumngoje baba mdogo."

Taya likaachiliwa, kidole kimoja kimoja.