Ripoti Isiyo na Jina

Kila alasiri, akitoka shuleni, Rawda alipitia ofisi ya shangazi yake Saada pale Kismayo. Shangazi alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha wavuvi hali ya bahari, na mvuvi akiona kasoro ndani yake alibonyeza kitufe, ripoti ikaingia kwenye kompyuta. Kazi ya Rawda ilikuwa kuzisoma, kuziunganisha zinazofanana na kuzipandisha juu zile nzito. Lakini loo, zilivyomiminika! Wengine walilalamikia rangi ya maandishi asubuhi, wakarudia jioni. Rawda alichoka, akaanza kuzifunga zisizo na maneno bila hata kuzitazama.

Siku moja mji ulikuwa kimya. Ami Mbaraka, mvuvi wa kisiwa cha Ngumi na baba wa rafiki yake Hanan, hakuwa amerudi tangu jana. Mashua zilikwenda kumtafuta upande wa Burgao, naye Shangazi alishuka pwani kusikiliza habari. Rawda alibaki peke yake.

Ikaingia ripoti tupu. Haikuwa na neno wala jina, ila mahali tu: kisiwa cha Darakasi, upande usio na nyumba. Akaifunga. Ikaja nyingine, ile ile. Akaifunga, ikarudi tena, kama mtu anayebisha hodi bila kusema yeye ni nani. Nywele zikamsimama. Bibi yake alimlea akimkanya kwamba ukiitwa kutoka baharini na usiyemjua, usiitike, maana huenda si binadamu. Na wewe usimcheke. Ungekuwa wewe ungekimbia. Rawda hakuitika. Alifunga, akafunga.

Shangazi aliporudi alimkuta amejibanza ukutani, mbali na meza. Rawda akamnong'oneza kwamba kuna jini anayeleta ripoti kutoka Darakasi. Shangazi hakucheka. Alizifungua zote zilizofungwa, akazitazama, kisha akawapigia simu wenye mashua wageuze njia kwenda Darakasi.

Ami Mbaraka aliletwa usiku huo, midomo imepasuka kwa kiu. Mashine ya mashua ilimfia, mkondo ukamtupa Darakasi. Simu yake iliangukia mwambani, ikabaki kona moja tu ya kioo inayosikia kidole, kona yenye kitufe cha ripoti. Alimwonyesha Rawda. Juu ya kile kipande kizima palisomeka ujumbe unaojituma kila ripoti inapofungwa: "Tatizo lako limetatuliwa. Asante."

"Kila nikibonyeza, yanijia haya," alisema polepole kwa Kibajuni chake, ambamo mtu huitwa mchu. "Nikajua yuko mchu upande wa pili. Sikujua kwa nini hanitaki."

Rawda aliangua kilio, akamwomba radhi, naye Mbaraka akampapasa kichwa.

"Ripoti zikiwa nyingi, mwanangu," Shangazi alimwambia, "tunazipanga ili ile ya hatari ionekane. Ukifunga usichokisoma, umemfungia mtu mlango. Na ukiogopa, niite mimi."

Tangu hapo Rawda hafungi asichokisoma. Ripoti tupu huiweka juu kabisa, akaijibu kwanza kwa kuuliza: "Nani mwenzangu?"