Matheka Aficha Maumivu

Asubuhi hiyo Matheka aling'arisha viatu, akavaa sare na kuketi kunywa chai na wazazi wake nyumbani kwao Buruburu. Lakini chai hakuigusa. Mawazo yake yote yalikuwa kwa Kahin.

Tangu Kahin ahamie shuleni kwao, sifa zote zilikuwa zake. Mwalimu Waringa, msimamizi wa michezo, alimfanya mshambuliaji wa kati wa timu ya kandanda, nafasi iliyokuwa ya Matheka. Matheka akasukumwa pembeni. Roho ya kwa nini ilimkereketa usiku na mchana. Na jioni hiyo ndiyo ilikuwa fainali.

Alipoinuka mezani, maumivu makali yalimchoma ghafla kwenye korodani ya kushoto, yakapanda hadi tumboni.

"Una nini?" mama yake aliuliza.

"Sina kitu, Mama."

Aliona haya. Tena alijua akisema ataambiwa apumzike, na Kahin atang'ara peke yake uwanjani.

Shuleni, kufikia mapumziko ya saa nne, korodani ilikuwa imevimba. Alikwenda nyuma ya darasa, akatapika. Kahin alimkuta ameinama, jasho likimtiririka.

"Matheka, unaumwa wapi?"

"Nenda zako! Umeninyang'anya nafasi, sasa unataka nitolewe kabisa?"

Kahin hakuondoka. Alichuchumaa kando yake. "Niambie. Wenzetu hawatajua."

Uchungu ulipomzidi, Matheka alimnong'onezea. Kahin alitimua mbio hadi kwa Mwalimu Waringa. Mara wakampakia kwenye gari la mwalimu mkuu, na baba yake akapigiwa simu kazini.

Hospitalini, daktari alimpima kwa upole, kisha akaamuru chumba cha upasuaji kitayarishwe upesi. "Korodani imejisokota," alimwambia baba. "Damu haifiki. Tukichelewa itakufa."

Matheka alipozinduka, daktari alikuwa kando ya kitanda.

"Tumeiokoa, lakini kwa tundu la sindano," alisema. "Korodani inaweza kuuma kwa kupigwa na mpira, kwa maambukizo ya viini, hata kwa ngiri. Vyovyote vile, mwambie mtu mzima. Lakini maumivu makali yakija ghafla, au ikivimba, au ukitapika, usingoje hata kidogo. Ungengoja mechi iishe, tungeikata."

Kesho yake Kahin alikuja kumjulia hali.

"Tulifungwa," alisema.

Kwanza Matheka alihisi furaha ndogo, chungu. Kisha akajionea aibu, akamshika mkono. "Asante, Kahin. Nilikuonea kijicho."

"Nilijua," Kahin alijibu, akatabasamu.

Alipokwisha kuondoka, baba alivuta kiti karibu. "Mwanangu, hakuna kiungo cha mwili kilicho cha aibu mbele ya wazazi na daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na si aibu peke yake iliyokufunga mdomo. Wivu ndio uliokaza fundo. Kahin hakuwa na nia ya kukudhuru. Wewe ndiye uliyekuwa radhi kujidhuru, mradi yeye asing'are."

Matheka aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, Baba. Nikiumwa tena, nitasema."